Reli Juu ya Mlango

Kaka yangu alipoacha kuweza kusema alianza kuniomba vitu kwa maandishi, na vitu vyenyewe vilikuwa vidogo: uji usiwe wa moto, dirisha lifungwe, redio ipunguzwe. Kwa hiyo siku aliponisogezea daftari na nikasoma "Nijengee stesheni," nilidhani dawa zimemchanganya. Nikamrudishia. Akaongeza mstari wa pili: "Na treni. Iwe inatembea." Kisha wa tatu: "Nataka kumwonyesha mjane."

Huo wa tatu ndio ulionifanya nivute kiti nikae.

Ilikuwa mwezi wa saba, majira ambayo Sumbawanga watu huvaa makoti mpaka saa tano asubuhi na upepo huingia hata mahali ambapo hujui kwamba pana tundu. Kaka alikuwa kwangu Chanji tangu Pasaka. Tulimtoa Mwazye, alikokuwa analima, tukampeleka Mbeya kwa ajili ya koo. Huko walimtoboa tundu shingoni ili apate kupumua, wakatupa dawa za maumivu, wakatuambia turudi nyumbani. Hawakutupa tarehe ya kurudi tena hospitali. Mimi ni mtu wa kuandika tarehe, na nililiona hilo mapema kuliko wenzangu.

Ujanani kaka alifanya kazi reli, siku moja ya basi kutoka kwetu kuelekea kaskazini, kwenye kituo kidogo katikati ya miombo. Alikuwa mshika pointi. Pointi ni kile chuma kinachosogezwa ili treni iende njia kuu au iingie njia ya pembeni, yanakosubiri mabehewa. Chuma hicho hufungwa kwa kufuli, na pale kituoni ufunguo ulikuwa mmoja, mfukoni mwa kaka. Alikuwa na rafiki yake, mtu wa Kate, kijiji cha huku kwetu, ambaye kaka mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi. Huyo alikuwa anafunga na kufungua mabehewa.

Mchana mmoja injini isiyo na behewa hata moja, iliyotakiwa kupita njia kuu bila kusimama, iliingia njia ya pembeni na kuyagonga mabehewa yaliyosimama. Rafiki yake alikuwa katikati ya mawili. Ufunguo wa pointi ulikutwa kwenye mfuko wa suruali ya marehemu. Ikasemwa, na ikaandikwa, kwamba aliuchukua bila ruhusa akajifungulia pointi ili awahishe kazi yake. Mjane alirudi Kate na watoto wawili na jina la mume aliyejiua kwa uzembe. Kaka alitoa maelezo yake, akaendelea na kazi mwaka mmoja, akaacha, akaenda kulima. Hiyo ndiyo habari tuliyokuwa nayo nyumbani. Niliiamini karibu miaka thelathini.

"Kwa nini usimwandikie barua?" nilimuuliza.

Akaandika: "Niliandika mara moja. Inatosha."

Nilidhani anazungumzia barua.

Nilipata namba ya mjane kwa mtu wa Kate anayeleta maharage mjini. Nilipiga mchana, kaka akiwa ananitazama kutoka kitandani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikamtajia kaka yangu, na kwamba mimi ni mdogo wake. Nikasikia kuku, na mtu akipepeta kitu.

"Nimesikia anaumwa," akasema.

"Anaumwa sana. Anaomba uje. Ana jambo la kukwambia."

"Si wanasema hawezi kusema?"

"Atakuonyesha."

"Shemeji, sikiliza. Nitakuja kumzika. Hilo nitalifanya, maana mume wangu angekuwepo angekuja. Lakini akiwa hai sina mazungumzo naye."

Sikuhitaji kumweleza kaka. Alikuwa ameshaandika: "Jenga."

Mimi ni fundi wa redio na simu. Shule niliishia darasa la saba. Umeme nilijifunza kwenye kitabu kisicho na jalada nilichokikuta kikifungia mandazi, na hesabu za mduara nilizipata kwenye vitabu vya watoto wangu, wao wakiwa wamelala kwa kuchoka nazo. Sikuwahi kutengeneza treni. Nilifungua ukurasa mpya kwenye daftari la kazi na kujiwekea sharti moja: nisinunue kitu isipokuwa betri. Vingine vyote vitoke kwenye karakana yangu au kwenye takataka za mafundi wenzangu. Dawa za maumivu zilitangulia mbele ya kila kitu, na sikutaka treni isogee kwenye foleni hiyo.

Reli zilitoka kwenye spoki za baiskeli. Spoki ina uzuri wake: imenyooshwa kiwandani, na ukiipinda taratibu kwenye ukingo wa sufuria inashika mduara na hairudi. Mataruma niliyakata kwenye mabaki ya mbao za seremala, kila moja sentimita tano, na spoki nikazibana juu yake kwa pini za stepla. Mota niliitoa kwenye deki ya DVD ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Bodi la injini lilikuwa kopo la dawa ya mbu nililolipasua kwa urefu. Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki.

Magurudumu yalinila siku mbili. Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani unaolizuia lisiache reli, na mimi sikuwa na mashine ya kukereza. Nilijaribu vifuniko vya chupa za sindano, vilipepesuka. Mwishowe nikachukua washa mbili, vile visahani vya chuma vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati, kubwa na ndogo, nikazigandisha katikati moja. Nilizungusha ya kwanza kwenye msumari karibu na mwanga wa dirisha na haikuyumba. Hiyo ndiyo saa pekee katika kazi hiyo niliyofurahi, na niliona aibu kidogo.

Vipimo vilikuwa viwili, jambo ambalo mtu makini angelikataa. Umbali wa kituo niliuweka hatua moja kwa sentimita moja, kwa hesabu ya hatua alizokumbuka kaka: hatua sitini kutoka kibanda chake hadi kwenye pointi, hatua arobaini na tano kutoka pointi hadi mabehewa. Lakini treni kwa kipimo hicho ingekuwa ndogo kuliko mota yangu. Ikabidi treni iwe kubwa kuliko dunia yake. Kaka hakujali. Alijali hatua. Nilipomletea kibanda, nilichokitengeneza kwa boksi la kiberiti, aliandika: "Mlango wake unatazama pointi." Nikageuza.

Kila kipande nilimpelekea kitandani akikague. Blanketi lilikuwa ndiyo ardhi. Siku ya tisa nilimletea watu wawili. Rafiki yake alikuwa msumari wa inchi moja niliouzungushia uzi wa bluu, kwa sababu walivaa bluu. Kaka mwenyewe alikuwa skrubu, pia na uzi wa bluu. Nilikuwa nimekata pia ufunguo, kipande cha bati kidogo kuliko punje ya mchele, chenye tundu, kwa sababu siku iliyotangulia alikuwa ameandika: "Tengeneza ufunguo."

Niliutundika ufunguo kwenye msumari, kwa rafiki, kama habari ilivyokuwa.

Kaka akatikisa kichwa. Akauondoa kwa kucha mbili, akautundika kwenye skrubu. Akaiweka skrubu kwenye mlango wa kibanda. Akachukua injini, akaisukuma kwa kidole juu ya blanketi, polepole, ikapita pointi, ikaingia pembeni, ikagonga makopo. Msumari ukaanguka. Kisha akaichukua skrubu, akaikimbiza hatua zile mia moja na tano mpaka kwa msumari uliolala. Akatoa ufunguo kwa mmoja, akampa mwingine.

Nilivua miwani. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeuliza kuhusu barua, naye akanijibu kuhusu yale maelezo.

"Ulikuwa unafanya nini kibandani?" niliuliza.

"Nilikuwa nakula," aliandika. "Nilidhani nimeshageuza."

Sikumuuliza la tatu. Siku iliyofuata nilitafuta ubao.

Vipande vyote vilihitaji kukaa mahali pamoja, palipo sawasawa, karibu na kitanda, ambapo mikono yake inafika. Ubao mpana ulikuwa wa kununua. Mlango wa chumba cha katikati ulikuwa pale pale: urefu sentimita mia mbili, upana sabini na tisa, ukae juu ya makreti mawili ya soda. Nikaufungua bawaba kwa bisibisi. Ulikuwa na mafuta ya mikono ya miaka mingi, na gundi haishiki kwenye mafuta, kwa hiyo nikautoa uani, nikauosha kwa maji ya moto na sabuni, nikauegemeza ukutani juani ukauke.

Hapo nilifanya kosa ambalo mtoto wa kwetu asingelifanya. Mtaani kwetu, nyumba yenye mgonjwa anayejulikana, mlango ukitolewa na kuoshwa mchana, watu hawaulizi. Maiti huoshewa juu ya mlango kabla jeneza halijafika. Nilijua. Mlango wa baba niliubeba mwenyewe, upande wa miguuni. Lakini siku hiyo kichwani mwangu mlikuwa na sentimita sabini na tisa na hakuna kingine.

Jirani yetu alichungulia juu ya ukuta akitaka kuazima ungo. Nilimwona akiutazama mlango. Nilimwona akiweka mikono kichwani. Nilikuwa na pini za stepla mdomoni, sikuweza kusema, na nilipozitoa alikuwa ameshaondoka.

Mke wangu, ambaye ni mtu wa Mbeya na anauza nyanya sokoni, alirudi akakuta wanawake wameketi getini kwake na kuni, wanalia. Alipita katikati yao akaja mpaka uani.

"Amekufa saa ngapi?"

"Hajafa."

"Watu wamejaa nje."

"Hajafa, mama. Amekunywa uji sasa hivi."

Akautazama mlango. Akanitazama mimi, na ile sabuni.

"Umeosha mlango," akasema. "Mchana. Na kaka yako ndani."

"Nilihitaji ubao."

"Wewe baba, unasoma mpaka unapitiliza. Si ungeniambia nikupe meza ya nyanya?"

Nje hawakutuamini. Mama mmoja mnene, anayeongoza vilio vyote vya mtaa huu, alisema wanaofiwa husema hivyo hivyo kwa uchungu, na kwamba wao hawaondoki mpaka wamwone. Ikabidi waingie. Waliingia kwa mstari, wamevua viatu, kaka ameegemea mito, wakamwamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, naye akiinua mkono.

"Tusamehe, baba," yule mama akamwambia. "Tumekulilia mapema."

"Na mimi nimeacha ulezi juani," mwingine akasema.

"Basi siku yenyewe tutalia kidogo," mama mnene akasema. "Kilio cha leo tukikate."

Kaka alicheka. Kicheko kilitoka kwenye lile tundu la shingo, mlio kama tairi linalovuja, na wote wakacheka pia kwa sababu hawakujua wafanye nini.

Ila habari ilikuwa imeshatoka mtaani. Jirani alikuwa amepiga simu Mwazye, Mwazye wamepiga Kate, Kate wamepiga Mbeya. Nilikaa kwenye stuli karakanani nikaandika orodha ya watu wa kurudishiwa habari sahihi. Walikuwa kumi na wawili. Nilianza juu. Kila mmoja nilimwambia maneno yale yale: ni mzima, ni mlango tu, msisafiri. Wengine walicheka, wengine walinikaripia. Nilipomaliza kila jina nililikata kwa mstari.

La kumi na mbili lilikuwa la mjane. Nilikuwa na salio. Mtandao ulikuwa mzuri. Niliitazama ile namba muda ambao mtu angetumia kubadilisha spika ya simu. Alikuwa amesema atakuja kumzika.

Sikupiga. Mke wangu aliponiuliza kama nimewamaliza wote, nilisema nimewamaliza.

Mchana ule niligongomea reli. Njia kuu urefu wote wa mlango, njia ya pembeni sentimita mia na ishirini. Pointi ilikuwa spoki mbili nilizozichonga kwa tupa mpaka zikawa kama wembe, zimeshikwa na msumari upande mmoja, na mkono wa bati wa kuzivuta. Kufuli sikuweka, mkono wa kaka usingeliweza. Nilijaza mchanga mwekundu na mkaa uliosagwa kati ya mataruma. Tulipoingiza mlango chumbani, mimi na mke wangu, aliutazama kwa muda, akanyoosha kidole akagusa taruma moja.

"Ni kazi nzuri," akasema. "Sijui ni ya nini, lakini ni nzuri."

Nikamwambia ni ya nini. Nikamwambia na ile simu ya kumi na mbili. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kaka akiwa anasikia yote, kisha akaenda kupika.

Mjane alikuja kesho yake saa nne. Tulimsikia kabla ya kumwona. Kwetu mwanamke anayefika msibani huanza kilio njiani, na yeye alikianza pale kwenye bomba la maji, kwa Kifipa, kilio cha watu wa Kate kinachopanda na kukatika. Alikuwa anamlilia kaka yangu kwa jina la udogo wake. Mtaa ulikuwa umetulia. Waliojua kuwa hakuna msiba walisimama kwenye milango yao wakimtazama akipita peke yake, mfuko wa unga wa ulezi kichwani, analia. Hakuna aliyemwambia. Nami nilisimama getini na sikumwambia.

Alipoingia sebuleni akakuta hakuna mkeka wala watu. Pazia la chumba cha katikati lilikuwa limesogezwa, kwa kuwa mlango haukuwepo. Akamwona kaka, ameketi, blanketi mabegani, macho wazi.

Kilio kilikatika katikati.

"Kumbe yupo," akasema.

Nikasema, "Shikamoo, shemeji."

Hakuitikia. Alitua mfuko. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono mikubwa, kitenge kimefungwa vizuri kwa safari. Akajifuta uso kwa kiganja, upande mmoja, kisha wa pili.

"Ni nani aliyetoa habari?"

"Ilikuwa makosa," nilisema. "Watu waliona mlango."

"Na mkajua kuwa ni makosa lini?"

"Jana mchana."

"Na simu yangu unayo."

"Ninayo."

Akatingisha kichwa polepole, kama mtu anayepokea chenji aliyoitegemea. Akageuka kuchukua mfuko wake. Mke wangu alikuwa ameshauchukua, ameuweka jikoni, na sasa alikuwa anasogeza kiti.

"Dada, gari la Kate ni saa nane," akamwambia. "Hata kama hutaki kumwona, huko nje kuna upepo. Kaa."

Alikaa. Kiti kilikuwa mkabala na mlango, reli zikiwa usawa wa magoti yake, na hakuweza kutoiona ile stesheni. Aliitambua kabla hatujamwambia. Nilimwona akihesabu: kibanda, ghala, njia mbili, mwembe nilioutengeneza kwa sponji.

"Nyumba zetu zilikuwa huku," akasema, akionyesha hewa iliyo nje ya ukingo wa mlango. "Hamkuziweka."

"Ubao uliisha," nilisema.

"Na huyu mwenye uzi?"

"Ndiye yeye."

"Hakuwa mwembamba hivyo."

Kaka alianza. Aliweka skrubu kibandani, ufunguo ukiwa kwake. Aliweka msumari kati ya makopo mawili. Alimwonyesha pointi ilivyokaa, imeelekea pembeni, akaigusa mara mbili ili aone. Kisha akafanya jambo ambalo hakunionyesha mimi. Alikusanya vidole vyake vitatu, akavipeleka mdomoni, mara moja, mara mbili, kama mtu anayekata tonge. Alikuwa hajala kwa mkono tangu Pasaka. Kisha akabonyeza kitufe cha injini.

Betri zilikuwa mpya. Injini ilitoka ukingoni na mlio mwembamba, ikafika kwenye pointi, ikatikisika, ikaingia pembeni. Mlio wa kugonga ulikuwa mdogo, kama kijiko kwenye kikombe. Msumari uliruka ukaangukia kwenye mkaa.

Mjane hakushtuka. Kaka aliiendesha skrubu mpaka pale. Alitoa ufunguo. Vidole vyake vilikataa; punje ya bati ilianguka mara mbili mchangani na mara mbili aliitafuta, sisi tukimsubiri, na hakuna aliyemsaidia. Akautundika kwenye msumari. Akainua macho.

"Mfuko wa kulia," mjane akasema.

Kaka akaitikia kwa kichwa.

"Ile suruali nilikuwa naishona mimi. Mfuko wa kulia ulitoboka, tundu la kupita yai. Hela zake alikuwa anafunga kwenye leso. Niliwaambia. Niliwaambia ufunguo ungeanguka hatua ya kwanza. Yule aliyekuwa anaandika akasema, mama, nenda kapumzike." Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida, anaitazama reli. "Ufunguo ulikaa mle kwa sababu hakutembea nao. Ulimkuta amelala."

Hewa ilikuwa inapita kwenye shingo ya kaka, ndani na nje.

"Nimejua miaka yote," akasema. "Unadhani nilikuwa nasubiri kuambiwa?"

Kaka aliomba daftari. Mjane akamzuia kwa mkono.

"Usiandike. Rudisha hiyo treni mwanzo."

Nikairudisha mimi, kwa kuwa upande ule kaka hakuufikia.

"Msimamishe mume wangu."

Nikamsimamisha kati ya makopo.

"Sasa wewe," akamwambia kaka, "geuza chuma."

Kaka aliushika mkono wa bati. Ulikuwa mwepesi, niliujaribu mara nyingi, mtoto mchanga angeuvuta. Ilimchukua muda. Spoki zikahama, zikagusa upande wa pili. Akabonyeza kitufe. Injini ikatoka, ikafika kwenye pointi, ikapita moja kwa moja. Ikapita karibu na makopo. Msumari ulitikisika kidogo kwa mtetemo, ukabaki umesimama. Injini iliendelea mpaka ukingoni kwenye tambara nililoliweka, ikasukuma tambara, magurudumu yakizunguka bure, mpaka nilipoizima.

"Alikuwa anakuja kula," mjane akasema. "Nilikuwa nimesonga."

Kwetu, mtu anayekuachilia kosa huchukua maji kinywani akayapuliza chini mbele yako. Hakuna maneno ya lazima. Kaka alinionyesha kikombe. Mke wangu alikileta, maji ya mtungini, akampa mjane kwa mikono miwili. Mjane alikishika. Alimtazama kaka kwa muda. Akapeleka kikombe mdomoni, na sote watatu tukatazama koo lake.

Aliyameza. Akanywa tena, mpaka yakaisha, akaweka kikombe chini karibu na kreti.

"Nilikuwa na kiu," akasema. "Nimelia tangu bombani."

Kabla ya kuondoka aliuchukua ule msumari wenye uzi wa bluu. Aliutoa ufunguo, akauacha juu ya reli. Msumari akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili. Unga wake aliuacha jikoni. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, na njia nzima aliniambia jambo moja tu: kwamba mwembe ulikuwa upande wa pili wa ghala.

Kaka aliishi siku kumi na moja. Mlango ulibaki kando ya kitanda. Nilitaka kuuondoa, akakataa. Kila asubuhi, kabla ya uji, alivuta mkono wa bati kuelekea njia kuu, akapitisha treni. Betri zilipokwisha nilisema nitanunua nyingine, akaandika: "Acha." Akawa anaisukuma kwa kidole. Hakuna aliyesimama tena kati ya makopo, lakini aliigeuza pointi kila mara, na kila mara aliigusa baada ya kuigeuza.

Alipofariki nilimpigia mjane kwanza, kabla ya Mwazye, kabla ya ndugu wa damu.

"Pole, shemeji," akasema. "Mimi nilishakuja."

Mchana ule wanawake walifika na kuni na maji ya moto. Mama mnene alikuja mpaka chumbani akasimama.

"Tunahitaji mlango," akasema kwa upole.

Nilimwomba anipe muda. Nilichukua koleo na bisibisi bapa, nikaanza upande wa mashariki, pini baada ya pini, taruma baada ya taruma, nikiviweka kwenye boksi kwa aina zake. Mkaa na mchanga niliufagia kwa brashi ya rangi. Maji yao yalipoa, wakayarudisha motoni, na hakuna aliyenihimiza. Ilinichukua dakika arobaini. Pointi niliitoa mwisho.